Udhuru wa Elinaza

Ukitaka kujua nani kaachwa, nani kapata makaratasi ya ukaazi na nani kafukuzwa kazi akasingizia likizo, enzi zile hukuwa na haja ya kupiga simu. Ulipanda basi Jumamosi alasiri mpaka Malvern, pembeni mwa Toronto, ukapandisha ngazi za kituo cha jamii hadi chumba namba sita, ukavua buti zako mlangoni, ukakaa. Habari zilikufuata zenyewe, pamoja na sahani ya pilau.

Mwenye chumba hicho, kwa midomo ya watu, alikuwa Otilia, katibu wa Chama cha Faraja. Jumatatu mpaka Ijumaa alifua mashuka ya nyumba moja ya wazee kule North York, chini kabisa ya jengo, mashine zikinguruma, hana wa kumwambia hata pole. Mume alishahamia Edmonton na maisha mengine. Watoto hakujaliwa. Jumamosi ndiyo siku aliyoishi. Hizo nyingine sita alikuwa akiingoja tu.

Chama chenyewe kilikuwa shirika lisilo la faida kama yale chungu nzima yaliyotapakaa jimbo zima la Ontario: kimesajiliwa, kina katiba, kina bodi ya watu watano, na kina kazi moja ambayo hakuna aliyependa kuitaja wakati wa kula. Mtanzania akifariki Toronto, Faraja ndiyo iliyokwenda hospitali, ikahangaikia vibali, ikamvisha marehemu na kumsindikiza mpaka kwao. Na tukisema Faraja, tuseme ukweli, alikuwa Elinaza.

Elinaza alikuwa Mpare wa Usangi, mrefu, koti la kahawia, na kikohozi kifupi kabla ya kila neno la maana. Wengine walipika, waliimba, walilia. Yeye aliingia kwenye chumba cha baridi. Wanaume aliwavisha kwa mikono yake. Wanawake aliwatafutia wanawake wenzao, na hapo ndipo simu za akina mama zilipoanza kuzimika moja baada ya nyingine, ya Otilia ikitangulia.

"Kaka Elinaza, leo nimeitwa kazini."

"Kaka Elinaza, mgongo huu!"

Wala hakununa. "Haya dada. Utakuja siku nyingine."

Februari 2009 moyo wake ulisimama akiwa na koleo mkononi, anaondoa theluji mbele ya nyumba. Mkewe, Clara, akaamua azikwe hapahapa Scarborough walipo watoto wake, na azikwe na koti lake, maana huko chini, alisema, kuna baridi kuliko juu.

Siku ya kuanua matanga Clara alifuata mila za ukoo wa mumewe. Wazee wawili watatu waliopatikana wakaketi sebuleni. Kila kilichokuwa cha marehemu kikatajwa, na kila kilichotajwa kikapata wa kukipokea: saa, Biblia, hata ugomvi wake na jirani juu ya uzio ulipata mrithi. Kisha mzee mmoja akauliza, "Na kazi ya chama? Nani amekuja kuipokea?"

Hakuna aliyekuja. Mwenyekiti Ombeni alikuwa na zamu. Mjumbe Januari, dereva, alisema gari lake limegoma. Godson alishahamia Calgary, vikao alihudhuria kwa simu. Otilia alisema ana mafua. Wote walijua swali hilo litaulizwa, na wote walijua mwenye kupokea anapokea na maiti zake.

Mzee alingoja kidogo, akasema, "Basi hiyo bado iko kwake." Wakaendelea na mengine.

Mwezi wa nne bodi ikakutana. Otilia akafungua daftari la kumbukumbu za vikao, akaandika waliohudhuria: Ombeni, Januari, Godson kwa simu, yeye mwenyewe. Wanne. Kalamu ikasita. Katiba ilisema bodi isipungue watu watano, na kituo kilikuwa na sharti lake: chama kisicho na bodi kamili kinarudisha ufunguo. Katiba ilisema pia kwamba mjumbe akikosa vikao vitatu mfululizo bila udhuru, kiti chake kiko wazi.

Bila udhuru.

Otilia akashuka mstari mmoja, akaandika: Waliotoa udhuru, Elinaza.

Ombeni alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Katibu, hii..."

"Ni ya muda tu, mwenyekiti. Mpaka tupate mtu."

"Sawa, mkutano ujao tutafute mtu."

"Mkutano ujao," simu ya Calgary ikaitikia. Ombeni akatia sahihi.

Mkutano ujao ulidumu miaka minne.

Usidhani Otilia alikuwa mtu mbaya. Hakumwibia mtu, hakumtukana mtu. Kila mwezi wa kwanza alijaza fomu ya kituo, majina matano na namba tano za simu, na ya Elinaza akaiweka ileile ya zamani. Aliwahi kuipiga siku moja akiwa peke yake kwenye mashuka, sijui alitaka nini. Sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haitumiki tena. Akashusha pumzi, akaendelea kufua. Kituo kilipotaka sababu za kutohudhuria, alitoa sababu. Kwanza "yuko kazini". Halafu "anaumwa". Mwisho akazoea, akanogewa kabisa, akawa anaandika "amesafiri kusindikiza mwili". Ilionekana ndiyo heshima ya mwisho anayoweza kumpa kaka wa watu.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda kombo.

Kituo kilipata mtunza jengo mpya, Tharcisse, Mkongomani wa Bukavu, mcheshi, kila mwanamke kwake mama na kila mwanamume papa. Jumapili moja asubuhi Otilia alirudi kuchukua masufuria yake, akamkuta anapiga deki.

"Bonjour, mama. Ule papa wenu alipata kuingia?"

"Papa gani?"

"Wa koti ya kahawia. Murefu. Anakohoaka kidogo, halafu anasema. Jana mulipomaliza kikao nilimukuta kwenye benchi pale. Ananiuliza, 'Kikao kimeisha? Wameniruhusu?' Nikamwambia papa, kikao chenu kilikwisha, enda nyumba. Akasema hapana, acha angoje kidogo."

Sufuria lilimtoka Otilia, likabingirika korido nzima na kelele zake. Tharcisse alilifukuza huku akicheka. Alikuwa mgeni. Hakujua kilichowachekesha watu wala kilichowaliza katika jengo lile.

Otilia hakumwambia mtu, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kufunga chakula. Yeye aliyekuwa akijua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua, sasa alikuwa na habari kubwa kuliko zote na hana pa kuitemea. Akaanza kukwepa lile benchi. Akaanza kuhesabu vichwa Jumamosi, mara mbili, mara tatu, na kila mara akipata kimoja zaidi akarudia mpaka kikapungua.

Machi 2013 akaja binti wa utafiti. Alikuwa akiitwa Shafina, Mwismailia, wazazi wake wa Toronto ila bibi yake wa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha huyo bibi, cha taratibu, chenye adabu za zamani. Chuo kimoja kilikuwa kikipima hali ya mashirika yasiyo ya faida katika jimbo zima, nani anayaendesha, kwa muda gani, kwa nguvu zipi. Faraja ilikuwa imeangukia kwenye orodha.

"Shikamoo mama Otilia."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Unakula pilau?"

Shafina alikula, tena akaongeza. Akasimulia alikopita: Windsor, Sudbury, mpaka Thunder Bay ambako chama cha kwaya kilikuwa kimebaki jina na kabati la makoti. "Mama, kote nilikokwenda nimekuta yaleyale. Watu watano, wamechoka, na kati yao mmoja hayupo. Hawasemi hayupo. Wanasema atakuja." Akafungua jalada lake. "Nyinyi mna heri, lakini. Nimewapata wajumbe wote kwa simu. Wote watano."

Otilia aliweka kijiko chini. "Umempata nani?"

"Mzee Ombeni, mzee Januari, bwana Godson, wewe, na mzee Elinaza. Huyo ndiye aliyenifurahisha. Dakika arobaini, Kiswahili kitupu! Ila simu ilikuwa na upepo mwingi, nikadhani yuko nje." Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Nilimuuliza, kwa juma unajitolea saa ngapi? Akakohoa kidogo, akasema, 'Zote.' Nikacheka. Nikamuuliza, unafikiria kuondoka kwenye bodi? Akasema, 'Nimeomba, mwanangu. Hawajaniruhusu.' Masikini, alisema kwa huzuni hata nikaona haya kuendelea. Mama? Mama, umeungua?"

"Pilau ya moto," Otilia alisema. Pilau ilikuwa imepoa zamani.

Jioni hiyohiyo alimbana Ombeni kwenye maegesho ya magari, akamwambia yote, Tharcisse na benchi lake, Shafina na dakika zake arobaini. Ombeni alijaribu kucheka.

"Katibu, labda ni mtu mwingine kapewa ile namba."

"Mwenye kikohozi kile? Anayejua hatujamruhusu?"

Ombeni alitazama madirisha ya chumba namba sita, taa bado zinawaka, watu bado wanabishana mpira. "Nisikilize, dada Otilia. Ukilifungua hilo, tumebaki wanne. Tukibaki wanne, ufunguo unarudi. Wale wote pale juu utawapeleka wapi? Wewe mwenyewe utakwenda wapi?"

Swali hilo la mwisho alilirusha tu, bila ubaya, lakini lilimpata Otilia pale penyewe. Aliona friji yake. Aliona kiti kimoja na kikombe kimoja. Kwa siku nane alinyamaza, na kwa siku nane hakulala vizuri. Siku ya tisa alipanda basi kwenda kwa Clara.

Clara alimpokea kwa chai. Walikuwa hawajaonana sana tangu msiba, na Otilia alijua kosa ni la nani.

"Wifi, nimekuja na neno baya."

"Wewe huna neno zuri la kukutoa Malvern kuja kwangu siku ya kazi. Sema."

Akasema. Alisema tangu mafua ya uongo ya siku ile ya matanga mpaka udhuru wa mwisho. Clara alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto.

"Mnakutana lini, nyinyi bodi?" aliuliza mwishowe.

"Kila baada ya miezi miwili. Jumamosi ya kwanza."

Clara akafumba macho. "Miaka minne, wifi. Kila miezi miwili, Jumamosi ya kwanza, nasikia mtu anakung'uta viatu pale mlangoni. Anakung'uta theluji hata mwezi wa nane. Nafungua, hakuna mtu, lakini zulia limelowa. Nimeombewa. Nimebadilisha kufuli. Nikasema ni mimi, nimemkosea nini, labda angetaka kulala kwao Usangi na mimi nikamzika ugenini. Nimejilaumu mpaka nikakonda. Kumbe haji kwangu. Anapita tu, anakwenda kazini!"

"Wifi..."

"Nyamaza. Unajua kwetu wanawaitaje? Mtu amekufa, watu wamelia, wamezika, kumbe kuna mjanja kamficha anamlimisha shamba lake? Wanamwita msukule. Mmemfanya mume wangu msukule, Otilia. Msukule wa chumba cha pilau."

Otilia alipiga magoti pale kwenye zulia. Hakuwa na udhuru.

"Inuka," Clara alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Kulia kwako hakunisaidii. Jumamosi ya kwanza nitakuja. Mtamwita kwenye kikao chenu na mtamruhusu."

Jumamosi ya kwanza ya Aprili chumba kilijaa kuliko kawaida, maana Otilia alikuwa ameitoa hatimaye ile habari yake. Watu walisimama mpaka kwenye ngazi. Chumba kile kilichokuwa hakikosi kelele kikawa kimya mpaka ukisikia mabomba ya joto yakigonga ukutani. Clara aliketi mbele, kitambaa cheusi kichwani. Simu ya Godson iliwekwa katikati ya meza.

Otilia alisimama na daftari. Akaliweka mezani, akasoma akiwa ameinama.

"Waliohudhuria: Ombeni, Januari, Godson kwa simu, Otilia." Akashuka mstari mmoja. "Waliotoa udhuru, hakuna. Ndugu zangu, Elinaza hakutoa udhuru hata siku moja. Mimi ndiye niliyemwandikia. Elinaza alifariki Februari mwaka 2009, na siku ya kuanua matanga yake sisi wanne tulijificha. Leo tunaanua."

"Katibu, fikiria," Ombeni alinong'ona.

"Nimefikiria." Akageukia mlango uliokuwa wazi, ule wa kuelekea kwenye benchi. Watu waliokuwa wamesimama hapo wakapisha bila kuambiwa, wakabakiza njia. "Kaka Elinaza, zilikuwa kwako kazi tatu. Kwenda hospitali na kuhangaikia vibali. Nani anapokea?"

Mabomba yaligonga. Januari alikuwa ametazama mikono yake ya udereva, akaigeuza kiganja juu, kana kwamba anaangalia kama inafaa.

"Mimi," alisema. "Njia zote nazijua."

"Kusindikiza miili mpaka nyumbani. Nani anapokea?"

Kutoka kwenye simu ikasikika pumzi ndefu ya Calgary. "Hata huku kuna uwanja wa ndege," Godson alisema. "Nitasindikiza mimi. Ila, dada, katika bodi niondoe. Sijakaa Toronto mwaka wa tano huu. Nami ni jina tu."

Ombeni aliinamisha kichwa. Wamebaki watatu.

"Kuwavisha," Otilia alisema.

Watu waliangalia chini, waliangalia watoto wao, waliangalia sufuria. Otilia aliangalia uso mmoja baada ya mwingine, nyuso alizozilisha miaka yote ile, na kila uso ukawa na mafua, ukawa na mgongo, ukawa umeitwa kazini. Alizitambua sababu zote, zilikuwa zake mwenyewe. Ndipo alipojua swali lile halikuwa la kwao.

"Napokea," alisema. "Mimi Otilia. Wanawake kwa mikono yangu, na wanaume nitawatafutia wanaume wenzao, nao wakizima simu nitawafuata majumbani."

Clara alisimama. Hakutazama bodi, alitazama ile njia iliyoachwa wazi mlangoni.

"Mume wangu," alisema, "wamekuruhusu."

Wanaosimulia wanatofautiana. Yuko anayeapa alisikia kikohozi kifupi, na hakuna neno lililofuata. Yuko anayesema ni mabomba. Otilia aliona tu kwamba wale waliopisha njia waliendelea kuiacha wazi kwa muda, halafu mtoto mmoja akakatiza kwenda kuchukua maji, na njia ikajifunga.

Fomu alijaza usiku uleule: majina matatu, maana hakuna aliyekubali kukalia viti viwili vilivyobaki. Ombeni alikataa kutia sahihi, akasema hawezi kukizika chama kwa kalamu yake, kwa hiyo Otilia akatia peke yake. Kituo kilimwandikia barua ya upole, kikampa mpaka mwisho wa Juni. Mwezi wa saba chumba namba sita walipewa watu wa mazoezi ya viungo. Watu wa Jumamosi walisema watakutana hapa, watakutana pale. Mara ya kwanza walikuja kumi na mmoja, mara ya pili wanne, halafu kila mtu akawa na jambo lake. Wengine walimlaumu Otilia waziwazi kwamba kwa ajili ya mfu mmoja amewaua walio hai. Hakuwajibu, maana usiku friji yake ilipokuwa ikinguruma na yeye aliwaza hivyohivyo. Clara ndiye aliyepiga simu, Jumapili moja ya Septemba, kusema tu, "Wifi, zulia kavu." Akakata.

Oktoba, Jumanne saa nne asubuhi, Januari alimpigia kazini. Bibi mmoja wa Morogoro, aliyekuja North York kumwona binti yake, alikuwa amefariki usiku wa Jumapili. Vibali viko tayari. Binti mwenyewe hawezi kumvisha, kila akifika mlango wa chumba cha maiti anaanguka.

"Dada Otilia," Januari alisema, kisha akangoja, na Otilia akamsikia anavyongoja.

Mgongo ulikuwa unamuuma kweli siku hiyo. Mashuka yalikuwa yamejaa mpaka dirishani. Akavua aproni.

Kwenye nyumba ya mazishi walimwonyesha korido, wakampa mfuko wa nguo, kanga mbili na gauni la kijani la kwenda kanisani, wakamwacha. Alisimama mbele ya mlango kwa muda mrefu, na alijua anangoja nini: mtu mrefu amchukulie ule mfuko. Korido ilikuwa tupu mpaka mwisho. Akasukuma mlango.

Bibi alikuwa mdogo kuliko alivyotegemea, amefunikwa mpaka kidevuni, uso wa mtu aliyekatizwa akiwa anaeleza jambo.

"Shikamoo, bibi," Otilia alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Mimi ni mtu wa kufua tu. Kazi hii siijui, nilikuwa naikimbia. Utanivumilia nikikosea."

Akapuliza viganja vyake vipate joto, akaanza na mkono wa kulia.